Bendi yangu ni Black Sabbath, na sababu inaanzia kwenye vidole viwili vya Tony Iommi

Mhariri na wasomaji wenzangu, salamu. Swali lenu la wiki hii mmeuliza bendi gani ya roki ya miaka ya 70 mtu anaipenda kuliko zote na aseme kwa nini, na mkasema jibu refu ruksa, basi langu litakuwa refu maana hili jambo ninalo moyoni miaka mingi na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Jibu ni Black Sabbath. Led Zeppelin nawapenda, Pink Floyd nawapenda, Deep Purple nikiwasikia naacha kazi nasikiliza, ila ukiniambia nichague moja tu basi ni wale vijana wanne wa Aston pale Birmingham, Uingereza: Tony Iommi kwenye gita, Geezer Butler besi, Bill Ward drams na Ozzy Osbourne anaimba.

Najua huku kwetu wengi watamtaja Freddie Mercury wa Queen na wana haki kabisa, mtoto wa Unguja yule, kazaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na sauti ile hajatokea wa kuifikia. Lakini mimi ni fundi vyuma. Nachomelea mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma, na jioni napiga gita kwenye bendi ndogo ya maharusi, na Tony Iommi kabla hajawa Tony Iommi alikuwa mchomeleaji kama mimi, kwenye kiwanda cha bati Birmingham, umri miaka 17. Sasa niambieni kwa nini nisimpende.

Kisa chake wengine mnakijua ila ngoja nikisimulie kama fundi ninavyokiona. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini, keshaacha kazi, amepata bendi inayokwenda kupiga Ulaya. Siku hiyo mtu wa kwenye mashine ya presi, ile inayokandamiza na kukata bati, hakuja kazini, wakamweka yeye. Hajawahi kuigusa ile mashine. Mchana akaenda nyumbani kula na akasema harudi tena, mama yake akamwambia hapana, rudi ukamalize siku yako kama mtu mzima, akarudi. Mchana uleule presi ikamshukia kwenye mkono wa kulia, akavuta mkono kwa mshtuko na ncha za kidole cha kati na cha pete zikabaki kwenye mashine. Na Iommi anapiga kwa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio ule unaokamata nyuzi kwenye shingo ya gita, yaani umeumia mkono haswa unaohitajika.

Nimeshamshuhudia mtu akipoteza kidole kwenye mashine ya kukata bati, kijana tuliyekuwa naye karakana moja zamani, na ninachokumbuka zaidi kuliko damu ni jinsi watu wote walivyokuja kumwambia taratibu kwamba sasa atafute kazi nyingine ya kufanya maishani. Madaktari nao walimwambia Iommi hivyohivyo kuhusu gita. Aliyemsaidia ni msimamizi wake wa kiwandani, alikwenda kumwona akiwa amekaa nyumbani kakata tamaa, akamwekea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gita wa jazi. Iommi hakutaka kusikiliza mambo ya gita siku hiyo, akasikiliza, akaona jamaa anapiga vizuri mno, ndipo msimamizi akamwambia huyu unayemsikia anatumia vidole viwili tu kukamata nyuzi, vingine viliungua moto. Mwaka 1928 gari la kuishi la Django, karavani, liliwaka moto na mkono wake wa kushoto ukaharibika. Basi.

Sasa hapa ndipo ninapompendea zaidi, kwa sababu hakukaa kusubiri mtu amtengenezee kifaa, alikitengeneza mwenyewe kwa akili ya karakana. Alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo akaiyeyusha, akaifinyanga kuwa kidonge, ilipopoa akaitoboa kwa ncha ya moto ya kulehemu mpaka kidole kikaingia, halafu akakaa anaisugua kwa msasa saa nyingi ikae kama ncha ya kidole. Ikawa inateleza kwenye nyuzi, akakata vipande vya ngozi kwenye koti kuukuu akabandika juu kwa gundi, akaisugua tena mpaka ngozi ikapata mng'ao na ikawa inashika. Hivyo ndivyo vidole alivyopigia. Sahani zote za Black Sabbath mnazozisikia, zile noti mbili kati ya nne anazokamata zinapita kwenye plastiki ya chupa ya sabuni na ngozi ya koti!

Na mambo hayakuishia kwenye vifuniko tu. Nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu mno kwa vidole vile na wakati ule nyuzi nyembamba za gita la umeme ilikuwa shida kuzipata, kwa hiyo akawa anachanganya na nyuzi za banjo. Baadaye akaanza kulegeza nyuzi zenyewe, na kwenye albamu ya tatu, Master of Reality ya 1971, wameshuka nusu-sauti tatu nzima (nusu-sauti ni hatua ndogo kati ya noti na noti inayofuata) kwenye baadhi ya nyimbo. Ukilegeza nyuzi hivyo gita linakuwa zito, linanguruma, na Geezer naye akashusha besi chini wakawa wanakwenda pamoja. Halafu kwa vile vidole vile viwili havihisi nyuzi vizuri, akategemea sana kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, za noti mbili tatu badala ya zile nene za vidole vinne, na hizo ndizo ukiziweka kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka mwisho zinatoka safi na nzito badala ya kuvurugika. Kwa hiyo sauti yote ya muziki mzito wa magita ambao dunia nzima inaupiga leo, kuanzia bendi ya Metallica ya Marekani mpaka vijana wa Nairobi wanaojaza kumbi zao za metali, ndio huo muziki mzito, sehemu kubwa sana imetokana na mtu aliyekuwa anatafuta namna ya kupiga bila kuumia. Led Zeppelin wana ufundi zaidi, nakubali, Jimmy Page mpiga gita wao anajua mambo mengi zaidi ya studio, ila hakuna bendi, iwe yao au ya mwingine, iliyotoa sauti ambayo sababu yake naiona kwa macho namna hii.

Wenzake nao walikuwa watu wa kazi vilevile. Ozzy alifanya kazi ya kupima honi za magari kiwandani, hebu fikiria, siku nzima honi tu, halafu akaenda machinjioni. Geezer ndiye aliyekuwa anasomea mambo ya uhasibu. Baba yake Ozzy alikuwa fundi wa kutengeneza vifaa vya viwandani na ile misalaba mnayoiona wamevaa shingoni kwenye picha za zamani aliwachongea yeye kwa aluminiamu. Hili nalipenda mno kwa sababu watu wakisikia jina la bendi na kuona misalaba wanasema hawa ni wa shetani. Mama yangu mdogo mpaka leo akinikuta nasikiliza anazima redio, namheshimu sizozani naye. Lakini jina walilitoa kwenye filamu ya kutisha ya mwigizaji Boris Karloff iliyokuwa inaonyeshwa sinema karibu na walikokuwa wanafanyia mazoezi, wakaona watu wanalipa hela ili waogope, wakasema mbona hatujaribu na muziki wa kutisha. Na mwandishi wa maneno ya nyimbo, Geezer, kalelewa Mkatoliki, na kwenye hiyo hiyo Master of Reality kuna wimbo After Forever, ukiusikiliza maneno yake utaona wimbo huo ungeweza kuimbwa kanisani, unamuuliza msikilizaji kama amewahi kuifikiria roho yake.

Albamu ya kwanza waliirekodi kwa siku moja, mwezi Oktoba 1969, waliingia wakapiga kama wanavyopiga jukwaani wakatoka. Siku hiyo pia gita la Iommi, Stratocaster, liliharibika baada ya wimbo mmoja tu ikabidi achukue lile Gibson SG la akiba, na aina hiyo ya SG ndiyo ikawa gita lake la maisha. Ikatoka tarehe 13 Februari 1970, siku ya Ijumaa. Wimbo wa kwanza una noti tatu tu, mvua inanyesha, kengele inalia, halafu zile noti tatu zinaingia taratibu na ile ya tatu inagoma kukaa mahali pake. Mimi nilipousikia mara ya kwanza, kwenye kanda ya fundi aliyenifundisha kazi, nilidhani redio inakula mkanda. Nikamwambia asimamishe akacheka akasema acha iende. Ikaenda. Toka siku hiyo.

Waandishi wa muziki wa wakati ule waliwaponda vibaya, hasa Marekani, wakasema hawajui kupiga, na watu wakanunua tu. Septemba mwaka huohuo 1970 ikatoka Paranoid na ikakamata namba moja Uingereza. Wimbo wenyewe wa Paranoid walikuwa wanajazia nafasi, albamu ilikuwa fupi, producer wao Rodger Bain akasema tunahitaji kitu cha dakika tatu, Iommi akaubuni hapohapo wakaurekodi, ukawa ndio wimbo unaojulikana kuliko yote. Ila kwangu wimbo wa albamu ile ni War Pigs. Unawazungumzia wakubwa wanaopanga vita wakiwa wamekaa na kuwaachia maskini wakafe, ulitoka vita ya Vietnam inaendelea, na kampuni ya rekodi hawakutaka uwe jina la albamu ndio maana kwenye kava kuna mtu ana upanga na ngao ambaye hahusiani kabisa na neno Paranoid. Sikilizeni Bill Ward humo ndani. Watu wanadhani muziki mzito ni kugonga tu, yule bwana alikulia kwenye jazi, alikuwa anawasikiliza wapiga drams wa jazi kina Gene Krupa na Buddy Rich, ndio maana mdundo wake unanesa haukai kama mashine, na mimi ninayepiga maharusini najua kazi ya mpiga drams anayenesa, bila yeye watu hawainuki kwenye viti hata ufanyeje.

Baada ya hapo kuna Vol. 4 ya 1972 waliyoirekodi Los Angeles, pesa zimeingia na unga wa kulevya umeingia, huko sitaki kukaa sana, inasikitisha, ingawa humo ndimo kuna Changes, wimbo wa piano bila gita zito, na kila nikiusikia nasema hawa jamaa walikuwa wanaweza zaidi ya watu walivyofikiri. Mwaka uliofuata Iommi akakauka kabisa kimawazo, hakuna rifu inayokuja, yaani ule mstari mfupi wa gita unaojirudia na kubeba wimbo, wakahama wakaenda kwenye ngome ya kale inaitwa Clearwell, wakafanya mazoezi chini kule kulikokuwa gereza, na rifu ya Sabbath Bloody Sabbath, wimbo wenye jina la albamu, ikaja. Rifu ile ukiwa na gita mkononi ijaribu, si ngumu kuipiga, lakini kuibuni? Sabotage ya 1975 wameirekodi huku wana kesi na menejimenti yao ya zamani, hasira zote ziko humo, Symptom of the Universe inakwenda kasi namna ambayo watu walikuja kuanza kuipiga miaka kumi baadaye. Hizo sita za mwanzo, 1970 mpaka 1975, nazishikilia zote. Mbili zilizofuata mimi binafsi sizirudii, na 1979 wakamtoa Ozzy.

Halafu, sijui niseme nini, mnajua wenyewe, tarehe 5 Julai 2025 walirudi wanne wote kupiga kwenye uwanja wa Villa Park, hapohapo Aston walikokulia, Bill Ward akiwemo, ilikuwa imepita miaka 20 hawajasimama wote wanne jukwaa moja. Ozzy alikuwa na Parkinson, ugonjwa wa neva unaoleta kutetemeka, hawezi kusimama, akaimba amekaa kwenye kiti cheusi cha kifalme, na hela zikaenda kwenye matibabu ya Parkinson na watoto wagonjwa. Tarehe 22 mwezi uleule akafariki. Tuliokuwa tumeangalia vipande vya onyesho lile kwenye simu pale karakana tulinyamaza siku nzima, na kuna kijana wa kazi ambaye alikuwa hawajui kabisa, siku hiyo ndio akaanza kuuliza hawa ni akina nani.

Basi yeyote anayetaka kuanza nimpe nilivyompa huyo kijana. Asianze na albamu ya kwanza, itamchosha, aanze na Paranoid yote mfululizo bila kuruka, kisha Master of Reality na aweke spika zenye besi, simu peke yake haitoi. Akifika kwenye Into the Void asikilize ile dakika ya mwanzo kabla Ozzy hajaingia, pale ndipo gita limelegezwa kabisa na unamsikia Iommi anavyobadilisha mwendo na hajakosea. Akishamaliza arudi kwenye ile ya kwanza, na kama ana gita nyumbani alishushe nusu-sauti tatu apige naye, nyuzi zinakuwa laini mno vidole haviumi hata kidogo.