Ada kwanza, mfadhili baadaye

Kijana mmoja wa Lindi ameniandikia: "Shikamoo dada. Asasi yetu ina katiba, mhuri na cheti cha usajili. Sasa mfadhili tunampataje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa kwa kuwa wengi mnauliza hilohilo, na wanachama hamuwataji kabisa.

Sisi wa Korogwe tulianza kama kikundi cha kufa na kuzikana cha akina mama wa sokoni. Kila Jumamosi tulichanga, mweka hazina akasoma daftari kwa sauti, asiyeridhika akasimama kuuliza. Kikundi hichohicho ndicho kilichodai choo cha soko mpaka kikajengwa. Kisha akaja mfadhili kutoka Ulaya. Tukapata ofisi, kompyuta na warsha za mirathi, na hizo warsha ziliwasaidia wajane wetu, sitalificha hilo. Lakini baadaye tukaambiwa mambo ya soko hayamo kwenye viashiria vya mradi, yaani vipimo ambavyo mfadhili anapimia kazi. Mama mmoja akauliza, "Kwani hiyo ripoti anasomewa nani?" Hakujibiwa. Nilipong'ang'ania daftari la Jumamosi liendelee, maafisa miradi wetu waliniita mshamba. Neno hilo linaniuma hadi leo.

Kuuzia ng'ambo au kupokea kutoka ng'ambo si jambo geni kwetu. Wakulima wa Kilimanjaro walipounda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, kahawa yao ilikuwa ya soko la dunia, ila chama kilisimama juu ya vyama vya msingi vya wenye mibuni. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Miaka ya themanini na tisini yakaja masharti ya kubana matumizi ya serikali, na wafadhili wengi wakapendelea kupitishia fedha kwenye asasi. Hapo ndipo asasi ya kiraia ilipoacha kuwa watu waliochangishana, ikawa ofisi yenye akaunti ya dola.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Uingereza nayo ikatangaza kupunguza yake. Mfadhili wetu akafunga mkoba, maafisa wakaondoka. Jumamosi iliyofuata akina mama walikuja na michango yao kama kawaida. Najivunia hilo, na nitalisema popote.

Basi ita mkutano. Toza ada, hata shilingi 1,000. Soma hesabu mbele ya watu, kisha uzisome tena mwezi ujao. Akija mfadhili, mwambie ripoti itasomwa kijijini kwa Kiswahili kabla haijapanda ndege. Viongozi wenzangu, acheni kuwaogopa wanachama wenu! Mnamwandikia mtu wa Brussels kurasa arobaini, na jirani yenu hajui mna shilingi ngapi benki. Ada kwanza, nasema tena.

Ukiwa na orodha ya wanaolipa, mdogo wangu, niandikie. Andiko lako la mradi nitalipitia bila malipo.