Mnaniuliza nafanya nini Limoges, haya nawajibu

Wanangu wa Donbosco, uwanja wetu wa basketi pale Upanga, salamu sana. Juzi nimetuma picha nikiwa uwanjani na skafu ya kijani shingoni basi maswali yakamiminika. Mmoja anauliza hiyo Limoges iko nchi gani, mwingine ananiambia wenzio wote wako Paris we umeng'ang'ania porini unafanya nini, halafu kaka mkubwa kaja na la kwake, kwamba dogo sasa hivi anacheza hatari, nimtafutie timu ya basketi huku, si ndo kwa kina Wembanyama, yule Mfaransa mrefu wa NBA. Nimekaa nayo wiki nzima hayo maswali maana ningejibu kwa mistari miwili ningewadanganya.

Limoges ni Ufaransa hii hii, katikati huku, ukitoka Paris kwa treni ni masaa matatu na zaidi na wala sio zile treni za kasi mnazoziona kwenye video. Watu kama laki moja na thelathini hivi, yaani kwa Dar mji mzima unaingia kwenye kata chache tu. Unajulikana kwa vitu vitatu, sahani za kaure, zile nyeupe nyembamba ambazo mama anazipanga kabatini haziguswi mpaka aje mgeni wa maana, ng'ombe wa kahawia wa nyama, na basketi.

Na maisha yangu ni haya. Naamka saa kumi na moja kasoro alfajiri, napanda basi la umeme lile lenye waya juu, naenda kazini jikoni kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mshahara ni kima cha chini, ukishakatwa makato mkononi inabaki kama yuro 1,400, kodi ya chumba 390, umeme, simu, nauli, chakula, afu ndo ile ninayotuma nyumbani. Mkipiga hesabu kwa shilingi inaonekana nyingi sana najua, lakini mi situmii shilingi huku, natumia yuro na naimaliza kwa yuro. Desemba jua linatoka saa mbili na nusu asubuhi, nikiingia kazini ni giza na mara nyingi nikitoka ni giza. Mwaka wa kwanza kuna wiki zilipita sijaongea na mtu nje ya kazi, jirani anakupa bonjur kwenye ngazi afu mlango unafungwa, na sio kwamba ana roho mbaya, ndo wanavyoishi. Nililia, nawaambia ukweli, niliwahi kukaa kitandani na koti nikalia.

Kilichonitoa pale ni mzee mmoja wa pale kazini, namwita babu. Alikuwa fundi wa tanuri kwenye kiwanda cha kaure, vidole vyake vimekomaa kama mizizi ya muembe. Siku moja nasafisha meza akaniuliza nyumbani nilikuwa nafanya nini, nikamwambia nilikuwa nacheza basketi, basi yule mzee ambaye kijiko kinamtetemekea mkononi akavuta kikapu cha mkate na chupa ya chumvi. Kikapu ndo Toni Kukoč, staa wa Treviso ya Italia, chumvi ndo Frédéric Forte, mchezaji wa Limoges. Kukoč anashuka na mpira, sekunde zinaisha, pointi ziko karibu karibu, anataka kumpita Forte kwa kudribo, hapo babu akaisukuma chumvi pwaa chini ya kikapu, mkono wa Forte umeingia, mpira umeibiwa, kwisha habari. Chumvi ilimwagika meza nzima na mi ndo niliyekuwa nimeshaifuta. Babu macho yana machozi.

Alikuwa ananionyesha tarehe 15 Aprili 1993, Piraeus kule Ugiriki, fainali ya klabu bingwa Ulaya, Limoges 59 Benetton Treviso 55. Nyie mnaojua mpira wa kikapu fikirieni hilo. Nusu fainali walikuwa wameshamtoa Real Madrid yenye Sabonis, yule Mlithuania mnene mrefu. Fainali wanakutana na Kukoč ambaye muda mfupi baadaye akaenda Chicago Bulls ya NBA, na mpaka leo karatasi inaonyesha mchezaji bora wa mashindano yale alikuwa Kukoč huyo huyo, aliyefungwa. Kocha wa Limoges, Božidar Maljković, aliwafundisha wachezaji wake difensi mpaka watu wakalalamika kwamba wanaua mchezo, wanapunguza mwendo, pointi hazifiki 60. Babu anasema waache waseme, sisi ni mji wa watu wa tanuri, kaure haiivi kwa haraka.

Na timu yenyewe sio kwamba ilitoka hewani. CSP maana yake Cercle Saint-Pierre, ilianza 1929 kama kikundi cha vijana wa parokia. Nilipoelewa hilo nikawakumbuka mapadri wa Upanga walivyokuwa wanatufungulia uwanja jioni, nikasema kumbe hawa ni Donbosco wenzetu. Miaka mingi walikuwa timu ya kawaida kabisa, kisha 1982 wakabeba Kombe la Korać, kombe la Ulaya lililo chini ya klabu bingwa, wakiifunga Šibenka ya Yugoslavia, ile yenye Dražen Petrović, aliyekuja kuwa staa mkubwa, akiwa na miaka 17 tu, na 1983 wakalirudia kombe lile lile mbele ya Šibenka ile ile. Mwaka 1983 huo huo ndo ubingwa wa kwanza wa Ufaransa, 1988 wakachukua Kombe la Washindi la Ulaya, na ubingwa wa nyumbani mpaka leo wanahesabu 11.

Kuna mtu mmoja nataka mumjue. Richard Dacoury, mchezaji wa Limoges. Kazaliwa Abidjan, Ivory Coast, akaja kuwa sura ya mji huu tangu mwisho wa miaka ya 70 mpaka katikati ya 90, ukimtaja kwenye duka la mikate wazee wanaacha kuhesabu chenji. Na aliyekuwa anafunga zaidi 93 ni Michael Young, Mmarekani aliyesoma Houston na kucheza na Hakeem Olajuwon chuoni. Sasa mwezi mmoja na kitu baada ya Limoges, Marseille wakachukua klabu bingwa ya soka, goli la Basile Boli, naye kazaliwa Abidjan vilevile. Watu wa Marseille wanajiita wa kwanza milele. Usiseme hivyo Limoges. Hapa watakutolea tarehe, 15 Aprili iko kabla ya 26 Mei, na ni kweli, timu ya kwanza ya Ufaransa kubeba kombe la juu kabisa la Ulaya kwenye michezo mikubwa ya timu ni hii ya mji mdogo. Tangu hapo kwenye basketi ya wanaume miaka zaidi ya 30 ilipita hakuna timu ya Ufaransa iliyolirudia, Monaco wanaocheza ligi ya hapa walifika fainali 2025, Fenerbahçe ya Uturuki wakawanyima.

Sasa kaka, hapa ndo nataka unisikilize vizuri, maana hapa ndo jibu lako lilipo. Mwaka 2000 hawa jamaa walibeba makombe matatu msimu mmoja, ligi, kombe la Ufaransa na Korać wakiwafunga Málaga ya Hispania. Kocha Duško Ivanović, nahodha Yann Bonato, na senta wao alikuwa Frédéric Weis, yes yule yule mrefu ambaye Mmarekani Vince Carter alimruka juu akadunk kwenye Olimpiki ya Sydney, ile video tuliiangalia kwenye simu ya mtu mmoja mpaka bando likaisha. Makombe matatu. Na kiangazi hicho hicho wakashushwa daraja kwa sababu ya madeni! Hawakufungwa na mtu, walishushwa na vitabu vya hesabu. Wakapanda tena, mambo yakazidi kuharibika, 2004 kampuni ya klabu ikafilisika wakatupwa mpaka daraja la tatu. Bingwa wa Ulaya, daraja la tatu, ndani ya miaka 11.

Nyie mnadhani Ulaya hela haiishi. Mi niko kwenye mji ambao makombe yapo, picha zipo, na hela iliisha. Nikiwaambia mwezi huu sina mnadhani nimekuwa mchoyo, wakati mimi ni mtu wa chumba kimoja.

Aliyewaokoa ni Forte. Yule wa chumvi. Alikubali kuwa rais wa klabu 2004 ana miaka 34 tu, timu haina kitu, na watu wakaendelea kujaa Beaublanc, ukumbi wa watu elfu tano na kitu, kwa ajili ya mechi za daraja la tatu. Babu alikuwepo. Walipanda taratibu, wakarudi ligi kuu wakashuka tena wakarudi tena, 2014 wakawa mabingwa wa Ufaransa na 2015 wakarudia. Forte alifariki tarehe 31 Desemba 2017, moyo, miaka 47. Nimewahi kuona mtu mzima amesimama mbele ya picha yake kavua kofia kwenye baridi. Mi pia siku hizi nikiwa na siku ya mapumziko na mechi ipo nanunua tiketi ya bei ya chini kabisa, napanda juu kabisa karibu na paa, vijana wa ushangiliaji wanapiga ngoma, mtu usiyemjua anakukumbatia kwa sababu ya ribaundi moja. Kwa masaa mawili mi sio mgeni. Ndo ile picha mliyoiona, basi.

Haya, dogo. Wembanyama baba yake ana asili ya Kongo ni kweli, lakini mtoto kazaliwa Ufaransa kaanza kulelewa kwenye timu ya Nanterre akiwa mdogo kabisa. Klabu za hapa zinatakiwa kuwa na idadi fulani ya wachezaji waliolelewa kwenye vituo vya hapa hapa, kwaiyo wanawachukua wakiwa watoto, 15, 16, wanasoma na kucheza pamoja. Akija na miaka 22 na video ya dunk za Donbosco, bila makaratasi, hakuna kocha atakayemfungulia mlango hata awe mzuri vipi. Na ajenti atakayewaomba mtangulize hela ya "majaribio" mwambieni hapana hata akija na barua yenye mihuri. Mi mwenyewe nacheza timu ya mtaani jumamosi, leseni nalipa mwenyewe kutoka mfukoni, wenzangu ni fundi bomba, mwalimu na dereva wa lori.

Akiwa chini ya 18 na shule anaendelea vizuri, kuna njia za maana za kuulizia na ntamsaidia kuandika hizo barua kwa Kifaransa. Mwambie aniandikie mwenyewe, aweke tarehe ya kuzaliwa ya kweli, sio ile ya mashindano, urefu bila viatu, na matokeo yake ya mtihani wa mwisho. Jumapili siko zamu, ntasoma na kumjibu siku hiyo hiyo.