Sindano ya Depo na maambukizi ya VVU
Dada, umeuliza kama Depo, ile sindano ya kuzuia mimba, huongeza hatari ya kuambukizwa VVU. Hapana, haijathibitika hivyo, na jambo hilo limechunguzwa vizuri. Utafiti wa ECHO ulifuatilia wanawake 7,829 kati ya 2015 na 2018 katika nchi za Kenya (kituo kilikuwa Kisumu), Afrika Kusini, Zambia na Eswatini. Waligawiwa njia kwa bahati nasibu, bila kujichagulia: wengine sindano, wengine kitanzi cha shaba, wengine vijiti vya kuzuia mimba vinavyowekwa mkononi. Matokeo yalitoka Juni 2019, na hapakuonekana tofauti kubwa ya maambukizi kati ya makundi hayo matatu. Mwezi Agosti Shirika la Afya Duniani likaondoa tahadhari ambayo lilikuwa limeiwekea sindano. Hofu ya awali ilitokana na tafiti ambazo wanawake walijichagulia njia wenyewe, hivyo ilikuwa vigumu kutenganisha athari ya dawa na tofauti za matumizi ya kondomu.

Ila kuna jambo linaloniuma: wanawake 397 waliambukizwa ndani ya utafiti huo, na walitoka makundi yote. Kitanzi, kijiti wala sindano havikingi VVU. Kondomu bado inahitajika, na aliye kwenye hatari aulize kliniki kuhusu PrEP, yaani dawa anazotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe.