Ruta Husingiziwa Mengi: Majibu kwa Maswali Yenu Kuhusu Intaneti Inayokatika

Safari hii nimechagua maswali ya aina moja, kwa sababu ndiyo yaliyojaa mfuko: intaneti ya nyumbani ambayo haijafa wala haijapona, inayopotea na kurudi bila kuaga. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa kuwa hayahitaji zaidi ya hapo.

Swali: Fundi, habari za kazi. Intaneti yangu inakatika. Tatizo ni nini?

Jibu: Sijui, na fundi atakayekwambia kwamba anajua kwa sentensi hiyo peke yake anakupigia ramli. Hukusema kama inakatika kwenye kompyuta tu au hata kwenye simu, kama umeunganisha kwa kebo au kwa Wi-Fi, kama inarudi yenyewe au mpaka uizime ruta na kuiwasha, wala kama hutokea saa maalumu. Soma jibu linalofuata, fanya kipimo kilichoelezwa humo, kisha uniandikie tena.

Swali: Kompyuta yangu ya mezani hutumia Wi-Fi. Mara tatu au nne kwa siku kurasa hugoma kufunguka kwa dakika moja au mbili, kisha hali hurudi kama kawaida. Mtoa huduma anasema laini ni nzima. Jirani anayejua kompyuta anasema ruta imechoka. Nimekwisha kuirejesha kwenye mipangilio ya kiwandani mara mbili kwa kubonyeza kile kitundu cha nyuma, lakini wapi. Nimwamini nani?

Jibu: Usimwamini yeyote kati yao kwa sasa, na kile kitundu cha nyuma ukiache kabisa. Kuzima ruta na kuiwasha ni jambo moja; kuirejesha kwenye mipangilio ya kiwandani ni jambo jingine, kwa kuwa hufuta jina la Wi-Fi, nywila na, kwa baadhi ya laini, jina la mtumiaji na nywila ulizopewa na mtoa huduma, ambazo wengi hawakuziandika popote. Kila wiki napokea barua ya mtu aliyekuwa na intaneti inayokatika na sasa hana intaneti kabisa, na chanzo ni kalamu iliyosukumwa kwenye kitundu hicho.

Unachotakiwa kujua kwanza ni mahali panapokatika. Njia kutoka kwenye kompyuta yako hadi nje ina vipande viwili vikubwa: kutoka kompyuta hadi ruta, na kutoka ruta kwenda kwa mtoa huduma na kwingineko. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, kisha utafute mstari wenye maneno Default Gateway. Namba iliyo mbele yake, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ndiyo anwani ya ruta. Sasa fungua madirisha mawili ya amri na kuyaweka sambamba. Utatumia ping, amri inayotuma ombi dogo na kupima muda jibu linaochukua kurudi. Katika la kwanza andika ping -t ikifuatiwa na anwani ya ruta; katika la pili andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google ya DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kwenye Linux na macOS herufi ile t haihitajiki, kwa sababu huko amri hiyo huendelea mpaka uisimamishe. Yaache madirisha yote mawili yaendelee huku ukifanya shughuli zako.

Hali ikiwa njema, dirisha la ruta litaonyesha majibu ya milisekunde mbili, tatu, pengine tano kwa Wi-Fi, na chini ya moja kwa kebo. Siku ya tatizo utaona kitu cha namna hii: 3, 2, 4, 210, 890, kisha mistari kadhaa inayosema muda wa kusubiri umekwisha. Hapo ndipo pa kuangalia madirisha yote mawili kwa pamoja na kuandika saa. Yakinyamaza yote mawili, tatizo limo ndani ya nyumba, kati ya kompyuta na ruta, na mtoa huduma hana kosa. Likinyamaza la nje tu huku ruta ikijibu bila kusita, jirani yako amemsingizia mgonjwa asiyekuwepo: Wi-Fi ni nzima, na unalo la kumwambia mtoa huduma. Yakiendelea kujibu yote mawili wakati kurasa hazifunguki, basi shuku DNS. Weka seva nyingine, kwa mfano 1.1.1.1 ya kampuni ya Cloudflare, uone kama hali itabadilika. Ukimaliza, bonyeza Ctrl pamoja na C upate hesabu ya pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zilizopotea. Usitishwe na jibu moja lililopotea kati ya mia kadhaa, kwani ruta nyingi huyaweka maombi ya ping nyuma ya foleni zikiwa na kazi nyingine.

Amri ya ping iliandikwa na mwanaprogramu Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983, akaipa jina la mlio wa sonari, chombo kinachopeleka sauti majini na kusubiri mwangwi wake. Inapatikana bure kwenye karibu kila kompyuta ya mezani, na bado watu hununua ruta mpya kabla ya kuitumia hata mara moja.

Swali: Nilifanya kipimo chako cha madirisha mawili. Yalinyamaza yote kwa pamoja, lakini simu yangu, mezani hapo hapo na kwa Wi-Fi ile ile, iliendelea kucheza video. Natumia kipokezi kidogo cha Wi-Fi cha USB. Nimegundua kwamba mara nyingi hutokea jioni, ninapochomeka diski ya nje ili kunakili mafaili yangu.

Jibu: Laiti kila barua ingeandikwa hivi. Jibu umelileta mwenyewe katika sentensi ya mwisho. Vifaa vya USB 3.0 na kebo zake hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo yanayotumiwa na vipokezi vingi vya aina yako; Intel ilichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Kipokezi chako kimekaa vidole viwili kutoka kwenye diski inayokipigia kelele masikioni, hivyo hakiisikii ruta tena. Chukua kebo ya USB ya kurefusha, ukisogeze kipokezi nusu mita au zaidi kutoka kwenye diski, au kihamishie upande wa pili wa kompyuta. Kama kinamudu 5 GHz, tumia masafa hayo.

Kwa wale ambao hawana diski ya kulaumu lakini dalili ni zile zile, tazameni mambo mawili. La kwanza ni mpangilio wa kuokoa umeme, unaoiruhusu Windows kukizima kifaa cha mtandao kinapoonekana kimetulia. Ingia katika sifa za kifaa hicho na uuondoe. La pili ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, ambayo huchukuliwa kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kifaa chenyewe, si kwenye tovuti ya kwanza inayojitokeza ukitafuta. Fanya moja, subiri siku mbili, ndipo ufanye jingine. Anayebadilisha vitu vitano kwa mkupuo hatajua kilichomponya, na tatizo likirudi ataanza upya.

Windows 10 na zile zilizofuata zina msaada mwingine ambao wachache huutumia. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika netsh wlan show wlanreport, nawe utapata ripoti ya siku tatu zilizopita, ikionyesha kila mara Wi-Fi ilipokatika na sababu iliyoandikwa na mfumo wenyewe.

Swali: Nikibadilisha nywila ya Wi-Fi, itaacha kukatika?

Jibu: Hapana.

Swali: Ulishauri tuhamie 5 GHz, nami nikahama. Sasa Wi-Fi hupotea kwa vifaa vyote kwa muda wa dakika moja hivi, mara chache kwa wiki, kisha hurudi. Hilo halikuwepo zamani.

Jibu: Ushauri ule niliutoa nusu, na hapa naukamilisha. Baadhi ya chaneli, yaani vigawanyo vya masafa, za 5 GHz zinatumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na rada ndiyo yenye haki ya kwanza. Ruta ikisikia kitu kinachofanana na rada hulazimika kuihama chaneli hiyo, na ikihamia nyingine ya kundi hilo hutakiwa kusikiliza kwanza kwa sekunde 60 au zaidi kabla ya kurusha mawimbi. Hiyo ndiyo dakika yako. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uache kuchagua chaneli kwa njia ya kujiendesha, na uweke moja kati ya 36, 40, 44 na 48, ambazo hazina sharti hilo.

Wanaobaki kwenye 2.4 GHz wachague 1, 6 au 11 tu. Anayechagua 3 kwa kuona kwamba hakuna mwingine aliyepo hapo anajiweka katikati ya wawili wanaopiga kelele, kwa sababu chaneli za jirani hupandana. Na kama inakatika jikoni kunapopashwa kitu, oveni ya maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, na hakuna mpangilio wa ruta utakaoinyamazisha.

Swali: Nimepima kasi nikapata megabiti 48 kwa sekunde, lakini simu za video zinaganda na sauti inakuwa kama ya roboti. Mtoa huduma anasema nisilalamike.

Jibu: Kipimo cha kasi hudumu kwa sekunde chache na hueleza upana wa njia katika sekunde hizo, hakisemi lolote kuhusu uthabiti wake katika muda uliobaki. Kwako nashuku upande wa kupakia. Simu ya mtu mmoja nyumbani inapoanza kupeleka picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, foleni hujaa ndani ya ruta au modemu, na pakiti ndogo za sauti yako husimama nyuma ya picha hizo zikisubiri zamu. Pima ping kuelekea nje kwa dakika mbili nyumba ikiwa imetulia, kisha uanze kupakia faili kubwa. Ikipanda kutoka milisekunde 20 hadi 900, ugonjwa umeuona kwa macho yako. Weka kikomo cha kasi ya kupakia kwenye programu ya hifadhi, au kama ruta yako ina usimamizi wa foleni, uwashe na uupe kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini.

Swali: Niliamua kutumia kebo ili kuondokana na Wi-Fi. Kompyuta huonyesha gigabiti moja, halafu ghafla megabiti 100, na katikati hukatika kwa sekunde chache. Je, kadi ya mtandao imekufa?

Jibu: Yawezekana, lakini anza na kebo. Ndani yake mna nyaya nane katika jozi nne. Gigabiti moja huhitaji jozi zote nne, ilhali megabiti 100 hutosheka na mbili. Kwa hiyo uzi mmoja ukikatika au ukigusa kwa kubahatisha, vifaa viwili hukubaliana kushuka, na wakati wa makubaliano hayo unajikuta huna mtandao. Mimi mwenyewe nilihangaika na jambo hili kwa majuma mawili, nikabadilisha draiva na kuilaani ruta, mpaka siku nilipoinama kuokota kalamu nikaona gurudumu la kiti changu limeikanyaga kebo hata ikawa bapa kama utepe. Angalia pia kile kilimi cha plastiki kwenye plagi: kikivunjika, kebo hukaa tunduni bila kushikwa, na kila ukiigusa meza inalegea.

Swali: Inapokatika, anwani ya kompyuta yangu inabadilika na kuanza na 169.254. Je, nimeingiliwa na wadukuzi?

Jibu: Hujaingiliwa. Hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe baada ya kuomba anwani kwa ruta na kukosa jibu. Ama mawasiliano na ruta yamekatika, ama ruta imegawa anwani zote ilizopangiwa. Hesabu vifaa vyote, hadi televisheni, kisha upanue idadi ya anwani ikiwa ndogo.

Swali: Nimeona tangazo la programu inayosafisha kompyuta na kuimarisha intaneti kwa kubonyeza mara moja. Unaipendekeza ipi?

Jibu: Siipendekezi hata moja, na nimechoka kuulizwa. Hakuna programu inayoweza kuunga kebo iliyokatika wala kuihamisha rada. Baadhi ya hizo huweka seva ya proksi kwenye mipangilio yako, na kuanzia siku hiyo kila ukurasa unapita kwa mtu usiyemjua. Ukiwa umekwisha kuweka moja, iondoe, kisha uhakikishe kwamba sehemu ya proksi imezimwa. Na ukipigiwa simu na mtu anayesema ameona kompyuta yako ina tatizo na anaomba kuiongoza akiwa mbali, kata simu. Mtu huyo hakuona chochote.

Swali: Kipimo kinaonyesha kwamba tatizo liko nje ya ruta. Nitamwambiaje mtoa huduma ili anisikilize?

Jibu: Kabla hujapiga simu, ishike adapta ya umeme ya ruta. Ikiwa ya moto kupita kiasi, au taa zote za ruta huzima kwa pamoja na kuwaka upya tatizo linapotokea, hiyo ndiyo mbovu, nawe ungeaibika bure. Nyingine inayofaa ni yenye volti zile zile, ampea sawa au zaidi, na plagi yenye chanya na hasi upande ule ule.

Ikiwa ni nzima, rudia kipimo kwa kebo, ili asikwambie ni Wi-Fi. Kisha umpe orodha ya tarehe, saa na muda wa kila ukatikaji, pamoja na hali ya taa wakati huo. Kwenye laini ya nyuzinyuzi, taa nyekundu yenye herufi LOS maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa. Mwombe alinganishe saa zako na kumbukumbu za ukatikaji zilizoko upande wake, na uandike namba ya malalamiko kabla hajakata simu.