Pima chumba kabla hujanunua lenzi ya gizani

Shangazi yake bi harusi ndiye aliyenicheka wa kwanza. "Mwanangu, mbona umejibandika ukutani kama mjusi kafiri?" Nilikuwa Mikindani, karibu na Mtwara, ndani ya nyumba ya zamani ya mawe, mgongo umegusa chokaa, visigino vimegusa chokaa, na bado kwenye kamera nilikuwa namwona bi harusi na nusu bega la somo yake. Lenzi niliyoshika ilikuwa mpya: milimita 50, f/1.8, yaani inavuta karibu na ina tundu kubwa la kupitisha mwanga, nimeiagiza Kariakoo kwa pesa ya harusi mbili. Niliinunua kwa ajili ya usiku kama ule ule. Mwanga niliupata. Nafasi ndiyo niliyoikosa.

Wanaozijua nyumba zile wanajua zilivyo: ukuta mnene wa matumbawe, dirisha dogo, chumba kirefu chembamba. Wembamba ule hautokani na ubahili wa fundi. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ukiivusha mita 2 na nusu au 3 hivi huanza kulalamika, kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti. Nenda Kilwa Kisiwani, nenda Songo Mnara, magofu yana vyumba vya wembamba huohuo. Nimekulia kwenye vyumba hivyo, nimelala humo, nimepiga picha humo miaka tisa. Sikuwahi kuvipima mpaka siku niliyobanwa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Kamera yangu ni Canon ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), ile ambayo upana wa sensa ni milimita 22 na ushei. Ukisimama mita 2 na nusu kutoka kwa mtu ukiwa na lenzi ya milimita 50, fremu nzima inashika upana wa mita 1 na sentimita 11 tu. Milimita 35 inashika kama mita 1 na sentimita 60. Milimita 24 inafika mita 2 na sentimita 30, yaani bi harusi, somo, shangazi na sinia la udi. Laiti mtu angenipa mistari hii mitatu kabla sijatuma pesa.

Lakini sikuwa mjinga kabisa. Hamu ya tundu kubwa ilianzia kwenye maulidi.

Watu wamekaa barazani kwenye mikeka, kanzu nyeupe mstari hadi mstari, taa mbili za mrija juu. Nikapiga flashi mara mbili. Mara ya tatu mzee mmoja akanigeukia bila hasira: "Kijana, hiyo radi yako tuwekee mbali, watu wamo kwenye dhikri." Nikaizima. Nikabaki na lenzi iliyokuja na kamera, ile ya 18 hadi 55, ambayo ukiivuta mpaka mwisho tundu lake halizidi f/5.6. Aiso, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, nimeipandisha hadi 3200, na bado kamera inaniomba shata, lile pazia lake, ikae wazi sehemu ya 1/15 ya sekunde. Lenzi ile ina kitulizo cha mtikisiko, nami nikajiona nimeokoka. Nyumbani nikafungua picha: mkeka umetoka safi, ukili unahesabika mmoja mmoja, na waliokaa juu yake ni moshi mtupu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo matangazo ya lenzi hayalisemi kwa sauti. Kitulizo kinatuliza mkono wako wewe. Mtu anayeyumba kwenye dhikri, au mwanamke anayetikisa kiuno kwenye sindimba, hakimhusu. Huyo anasimamishwa na shata ya haraka peke yake, na shata ya haraka inataka mwanga, na mwanga bila flashi unaingilia kwenye tundu.

Namba ya f inawatisha watu kwa sababu inakwenda kinyume: ndogo ndiyo kubwa. Gawanya urefu wa lenzi (zile milimita zake) kwa namba ile upate upana wa tundu. Milimita 50 gawanya kwa 5.6 ni tundu la milimita 9. Gawanya kwa 1.8 ni tundu la milimita 28. Eneo la tundu la pili ni karibu mara kumi ya la kwanza, na mwanga nao hivyohivyo. Pale nilipoombwa 1/15, f/1.8 ingenipa kama 1/150. Mtu anayeyumba anasimama.

(Mteja mmoja aliniambia simu yake nayo ni f/1.8, basi kwa nini anilipe. Ni kweli, nayo ni f/1.8. Ila sensa yake ni ndogo kama ukucha wa mtoto, na mwanga unaokusanywa unahesabiwa kwa eneo la sensa pia. Alinilipa, ila kwa kununa.)

Sasa nililochelewa kulijua ni hili. Lenzi fupi, yaani ya milimita chache, inasamehe mkono. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni: shata isishuke chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi, na kwenye sensa ndogo ya Canon zidisha kwanza kwa 1.6. Kwa hiyo milimita 50 inataka 1/80, milimita 24 inaridhika na 1/40. Nusu ya kasi, maana yake mwanga maradufu bila kulipa chochote. Lenzi ya 24 f/2.8 inapitisha mwanga pungufu ya ile ya 50 f/1.8, kama mara mbili na nusu pungufu. Lakini kwa mtu aliyekaa akitulia, bi harusi anayepakwa hina, bibi anayehesabu pesa za kutunza, ile nusu uliyosamehewa kwenye shata karibu inaziba pengo lote. Namba ya kwenye boksi haikuambii hivyo. Ni mpaka uzilinganishe mbili hizo ndani ya chumba kilekile.

Ndiyo maana ukiniuliza ununue ipi, nitakuuliza kwanza unapiga picha wapi, na anayepigwa anafanya nini.

Kama kazi yako ni ndani ya nyumba na watu wamekaa, kwa Canon ya sensa ndogo chukua ile ya milimita 24 f/2.8 iliyotoka mwaka 2014. Ina gramu 125, unene wake sentimita 2 na kidogo, unaitia mfukoni mwa koti na shangazi hajui kama una kamera ya maana. Hii ndiyo inayokaa kwenye kamera yangu siku nyingi. Kama ni Nikon ya sensa ndogo, una bahati kuliko mimi: kuna 35 f/1.8 ya mwaka 2009, inayokaa katikati, tundu kubwa na upana wa kutosha sebule nyingi za mjini Mtwara, ingawa Mikindani nayo itakubana. Ile 50 sikuiuza. Ngoma ikihamia uwanjani usiku, taa moja ya jenereta na vumbi, inafanya kazi ambayo 24 haiwezi, kwa sababu hapo watu wanaruka, nami nina nafasi ya kurudi nyuma hadi kwenye mkorosho.

Na f/1.4? Jirani zangu wa kazi wanaiota. Kutoka f/1.8 kwenda f/1.4 unapata mwanga mara 1.6 hivi, wakati bei inapanda mara mbili au zaidi na uzito juu. Fedha hiyo mimi ningenunua lenzi ya pili. Sijawahi kukosa picha kwa tofauti ile. Nimekosa picha nyingi kwa kuwa na lenzi moja tu.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Chukua lenzi ya kuvuta uliyonayo, iweke kwenye 24, funga pete kwa selotepu, nenda nayo shughuli nzima. Shughuli inayofuata, funga kwenye 35, halafu 50. Au kama uvivu umekuzidi kama mimi, fungua picha zako za zamani kwenye kompyuta. Kila picha imeandikwa ilipigwa kwa milimita ngapi. Nilipofungua harusi zangu sita, picha nyingi za ndani zilikuwa kati ya 18 na 28. Jibu lilikuwa kwenye kompyuta yangu mwaka mzima, na mimi nikaenda kununua 50 kwa sababu kila mtu anaisifia.

Ukishakuwa na tundu kubwa, usilifungue lote kila mara. Kwa 50 f/1.8 ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, sehemu inayotoka wazi ina kina cha sentimita 11 hivi. Bwana harusi na mpambe wake wakikaa bega kwa bega, mmoja akiegemea mbele, mmoja atakuwa mtu na mwingine kivuli. Mimi hulibana hadi f/2.5 watu wakiwa wawili, na f/1.8 ninaiacha kwa mtu mmoja au kwa ngoma.

Taa nazo zina visa vyao. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za mrija na za bei rahisi za LED huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata inaona: ukipiga kwa 1/250 unaweza kupata michirizi ya giza inayokatiza kanzu. Baki kwenye 1/100, au 1/50 kama wametulia. Kanzu zenyewe zinaidanganya kamera. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga ni tele na kuufifisha, kanzu inatoka rangi ya maji ya mchele. Ongeza mwanga kidogo kwa mkono. Upande wa akina mama ni kinyume chake, na fokasi nayo inahangaika kwenye buibui jeusi kwa sababu haina pa kushika. Itafutie ukingo wowote: nakshi ya kofia, hina kwenye kidole, pindo la kanga palipo na maandishi. Shika hapo, kisha panga fremu.

Viwiko mbavuni, bega kwenye fremu ya mlango, toa pumzi nusu, piga tatu kwa mfululizo. Ya pili mara nyingi ndiyo inayotulia. Na usiogope aiso. Chenga zinazoletwa na aiso kubwa nimeziuza kwa miaka na hakuna mama aliyewahi kunirudishia albamu kwa chenga. Picha iliyotikisika nimerudishiwa.

Ukinunua ya mtumba, na wengi tutanunua ya mtumba, chukua tochi ya simu umulike lenzi kutokea nyuma huku ukitazama kutokea mbele. Hapa pwani unyevu ni mwingi na kuvu wanaota ndani ya kioo kama utando wa buibui. Muuzaji mmoja aliniambia lile ni vumbi, litafutika. Nililifuta wiki nzima, kumbe liko ndani. Fungua pia tundu na kulifunga uone kama vile vibapa vidogo vina mafuta. Kwa wenye Nikon za familia ya D3000 na D5000 kuna mtego mwingine: kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi lazima iwe na mota yake. Tafuta herufi AF-S. Rafiki yangu wa Lindi alinunua 50 f/1.8 ya zamani, yenye herufi D mwishoni, kwa bei ya kutupa, na tangu hapo anazungusha fokasi kwa kidole kwenye giza la harusi huku anaapa.

Kuhusu kuvu, usiiache lenzi kwenye mkoba wa ngozi miezi ya masika. Zangu ziko ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kila baada ya muda nabadilisha. Mchele usitie, vumbi lake linaingia kwenye pete. Kontena lenyewe mke wangu alilinunua kwa ajili ya korosho, na bado analidai.