Vyambo bandia vya besi kwa summer ya Texas: jibu refu kwa mkuu aliyehamia Dallas

Mkuu umeuliza swali la maana. Umehamia Dallas, boti huna, umeingia duka la vifaa vya uvuvi ukakuta ukuta mzima wa vyambo bandia toka juu mpaka chini, na una kama dola 60 za kuanzia kuvua besi (largemouth bass, samaki mwindaji mwenye mdomo mpana) summer hii. Walionitangulia hapa wote wamekutajia rangi. Rangi nitaigusa baadae kidogo, maana kwa joto la huku ndio kitu cha mwisho kuwaza, cha kwanza ni saa hiyo samaki yuko kina gani, chambo kitafuata hapo.

Mwezi wa 7 na wa 8 maji ya juu kwenye mabwawa ya huku yanafika digrii 85 mpaka 90 za Farenhaiti, yaani kama 29 mpaka 32 za Selsiasi. Mwili wa besi unafuata joto la maji, kwa hiyo kwenye joto chakula kinasagika haraka tumboni na anatakiwa ale zaidi, wale wanaosema summer besi hali wanajifariji tu. Shida ni oksijeni. Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, na ukisema ashuke chini kabisa kwenye ubaridi nako haipo, kwa sababu bwawa linakuwa limejigawa matabaka, la moto juu na la baridi chini, na hayachanganyiki mpaka hewa ianze kupoa kuelekea mwisho wa mwaka. Mabwawa mengi ya Texas huo mpaka unakaa kwenye futi 15 mpaka 25 hivi. Chini ya hapo unaweza kuburuza chambo cha dola 20 kutwa nzima na hakuna wa kukigusa kwa sababu hakuna samaki anayeishi huko.

Kwa hiyo besi wa summer ana njia chache tu. Alfajiri na jioni anasogea pembeni kula, jua likipanda anaingia kivulini, chini ya gati, chini ya majani yaliyoelea, ndani ya magugu ambako angalau kuna oksijeni, au anateremka kwenye futi 10 mpaka 18 kwenye kingo za mkondo wa mto wa zamani uliofunikwa na bwawa. Hao wa kina waachie wenye boti na mashine za kuona chini. Wewe wa ukingoni una hao wa alfajiri na wa kivulini, na wanatosha kabisa.

Alfajiri nunua chambo kimoja cha juu ya maji. Kimoja tu. Mimi nakushauri popa, kile chenye mdomo uliochimbwa ambacho ukikivuta kwa kushtua kidogo kinatema maji na kutoa mlio. Zara Spook, chambo kingine cha juu ya maji cha kampuni ya Heddon, nae ni mzuri sana na ni wa miaka mingi, ila yule anataka mkono uliozoea ndio atembee kushoto kulia, popa hata mgeni anaimudu. Rusha, acha mawimbi yatulie kabisa, shtua mara mbili, acha tena. Watu wanavuta kama wanakimbizwa. Halafu maji yakipasuka USIVUTE HAPO HAPO, subiri usikie uzito kwenye fimbo ndio uvute, maana mara nyingi besi anakigonga kwanza kabla hajakibeba, ukivuta kwa mshtuko unamnyang'anya mdomoni. Muda wa hiki chambo ni mfupi, kuanzia mwanga unapoanza mpaka jua liguse maji, kukiwa na mawingu unaongezewa muda, baada ya hapo kirudishe kwenye boksi hata kama bado una hamu nacho.

Jua likishatoka ndio inaingia kazi ya nyungunyungu wa plastiki, na hapa ningekuwa mimi ningeweka nusu ya hela yako. Hiki chambo kilitengenezwa na Nick Creme mwaka 1949 huko Akron, Ohio, na baadae kampuni yake ikahamia Tyler hapo mashariki mwa Dallas, kwa hiyo unaweza kusema ni mkazi wa jimbo hili. Chukua pakiti ya inchi 7, na kama utapata chukua na ya inchi 10, maana summer besi wakubwa wanapenda tonge kubwa. Mfunge kwa mtindo wa Texas: chubwi yenye umbo la risasi iteleze kwenye mshipi, chini yake ndoana pana namba 4/0, ncha yake unaificha ndani ya mwili wa nyungunyungu ili isinase kwenye magugu na miti. Uzito wa chubwi ndio watu wanapokosea sana, wanaweka nzito ili warushe mbali. Anza na 3/16 ya aunsi, ukikuta magugu mazito panda mpaka 3/8. Ikiwa nyepesi inashuka polepole, na besi wengi wanamdaka akiwa anashuka, hutosikia mtikiso wowote mkononi, utaona tu mshipi umehama upande au umelegea kabla ya muda wake. Macho yawe kwenye mshipi sio kwenye simu.

Kuna ndugu yake mfupi mnene anaitwa Senko, wa Gary Yamamoto, siku hizi kampuni nyingi wanatengeneza wa aina hiyo na wa bei nafuu wanafanya kazi. Huyu hana madoido yoyote, kama kijiti tu, ila ana chumvi nyingi ndani kwa hiyo anazama mwenyewe bila chubwi. Mtoboe katikati na ndoana ndogo ili ncha mbili zining'inie, mtupe pembeni ya gati kwenye kivuli, usifanye kitu. Yaani usifanye kitu kabisa. Akizama ncha zinatetemeka zenyewe. Anachanika upesi, kwa hiyo nunua na vile vipete vya mpira unamvisha katikati, ndoana unapitisha kwenye mpira na pakiti inakaa sana. Kwa vibwawa vya mitaani na vya parki za mji, kama ingekuwa lazima nichague chambo kimoja tu basi ni huyu.

Kama sehemu yako ina magugu yaliyotanda juu mpaka maji hayaonekani, hapo ni chura wa mpira mwenye tumbo tupu ndani. Anapita juu ya majani bila kunasa, na chini ya hilo zulia ndiko besi mkubwa anakojificha mchana kweupe saa saba. Ila chura anataka mshipi wa kusuka unaohimili paundi 50 na kuendelea na fimbo ngumu, maana samaki akibeba unamtoa pamoja na kilo kadhaa za magugu. Kwa dola 60 chura naye subiri kwanza.

Krenkibeti za kuzama, yaani vyambo vigumu vya umbo la samaki mwenye kimdomo cha mbele kinachovizamisha ukivuta, zile zenye mdomo mrefu, ni silaha kubwa ya summer kwa wenye boti. Kwa ukingoni tafuta fupi yenye mdomo wa mraba, inayozama futi 3 mpaka 5, upitishe pembeni ya mawe ya madaraja na kuta za bwawa. Lazima igonge mawe. Isipogonga kitu ni mapambo. Ndio maana ukivua kina cha futi 4 unanunua inayozama 5.

Sasa rangi. Maji masafi chukua kijani cha boga au tikiti, maji ya tope chukua nyeusi na bluu, usiku pia nyeusi kwa sababu samaki anaangalia toka chini na nyeusi ndio inaonekana vizuri dhidi ya anga. Popa na krenkibeti chukua yenye ubavu wa fedha, maana chakula chao kikubwa mabwawa haya ni shadi, ndio dagaa wa huku. Basi, rangi imeisha. Zile nyingine 40 ukutani zimewekwa kuvua wanunuzi.

Fimbo moja ya futi 7 ya ugumu wa kati kwenda juu, rili ya kawaida ya kuning'inia, mshipi wa kusuka wa paundi 30, mbele unaunga kipande cha fluorokaboni (mshipi usioonekana kirahisi majini) cha paundi 15. Ukifunga popa badilisha hicho kipande uweke nailoni, fluorokaboni inazama na itakuvutia popa mdomo chini.

Leseni, usicheze nayo. Mwaka wa leseni za Texas unaisha tarehe 31 Agosti, kwa hiyo ukinunua ya mwaka mwezi wa 7 angalia isije ikafa baada ya wiki chache. Ukivua toka ukingoni ndani ya parki ya jimbo huhitaji leseni, unalipa kiingilio tu, kwa hiyo anza na Cedar Hill pale Joe Pool Lake au nenda Ray Roberts. Ila sheria za ukubwa na idadi bado zinakuhusu. Kawaida besi ni inchi 14 kwenda juu na watano kwa siku, lakini maziwa mengine yana zake, Lake Fork kwa mfano wa inchi 16 mpaka 24 unarudisha majini. Soma za ziwa lako kabla hujaenda. Na kwa joto hili ukitaka kumrudisha mrudishe fasta, picha moja, mikono iwe imelowa.

Wa Kenya naona mmeuliza kama haya yanafaa Naivasha. Besi yupo pale tangu miaka ya 1920 mwishoni, alitolewa Marekani, ila lile ziwa liko juu karibu mita 1,900 na kina chake kifupi, hayo mambo ya matabaka na joto kali yasahau. Kuna kamba wekundu wa Louisiana waliopandikizwa mwaka 1970, na besi anawala, kwa hiyo jigi (ndoana yenye kichwa kizito na manyoya ya mpira) ya kahawia au nyekundu iliyokolea ikiburuzwa chini pembeni ya mafunjo ina mantiki kuliko popa. Angalieni viboko tu.

Mkuu kitu kingine, hao nyungunyungu wa plastiki waache kwenye pakiti zao. Ukiwachanganya kwenye boksi na vyambo vigumu halafu ukaacha kwenye buti la gari mwezi wa 8, utakuta vimeyeyukiana vyote na boksi lenyewe limeliwa.