Skripti yako ya bechi ingoje nini?

Anayetunza kompyuta za ofisi hapa Mombasa anaijua shida ya stima. Ikipotea mchana kisha ikarudi, kila kifaa huamka kwa mwendo wake. Kompyuta ya mezani imeshawaka, ruta bado inatafuta laini, na seva ya mafaili ndiyo kwanza inakagua diski zake. Skripti ya bechi, yaani faili la amri ambazo Windows inazitekeleza mstari baada ya mstari, ikiwekwa ijiendeshe mtu anapoingia kwenye kompyuta, haina habari ya hayo yote. Inakimbilia seva, haiikuti, inafunga dirisha. Jioni karani wa wakala wa forodha anatafuta nakala za stakabadhi za mizigo, na hazipo.

Dawa ya kwanza ni kuiambia skripti ingoje. Tangu Vista, Windows inakuja na amri ya kazi hiyo:

timeout /t 30 /nobreak

Namba hiyo ni sekunde, na unaweza kufika hadi 99999. Hiyo /nobreak usiiache. Bila hiyo, mtu akigusa kitufe chochote cha kibodi kungoja kumekatika, na ofisini kibodi haikosi mkono. Ukiiweka, kinachokatiza ni Ctrl+C tu. Wengi huongeza >nul ili hesabu isionekane. Mimi kwenye mashine za wateja naiacha ionekane, maana mtu akiona sekunde zinapungua hana haja ya kuzima kompyuta akidhani imekwama. Amri ya pause ni jambo jingine: inangoja mtu abonyeze kitufe, hata kama ni hadi kesho, kwa hiyo usiiweke kwenye kazi ya usiku.

Kuna mahali timeout inagoma. Skripti ikianzishwa na programu nyingine ambayo imeelekeza ingizo kwingine badala ya kibodi, timeout hutoa ujumbe wa kosa na kutoka papo hapo. Ubaya ni kwamba skripti haisimami. Inaendelea na mstari unaofuata kana kwamba imengoja. Hapo tumia njia ya zamani, inayofaa pia kwa mashine za Windows XP ambazo bado ziko kwenye baadhi ya maghala:

ping -n 31 127.0.0.1 >nul

Kompyuta inajiita yenyewe, haihitaji mtandao. Mwito wa kwanza hutoka mara moja, inayofuata hutoka kila baada ya sekunde moja, ndiyo maana 31 inakupa takriban sekunde 30.

Lakini hizo sekunde 30 umezitoa wapi? Ni za kukisia. Siku seva ikichelewa dakika nzima, skripti itaanguka vilevile. Siku ikiwahi, umemchelewesha mtu bure. Msimamo wangu ni huu: ngoja kitu, na sekunde ziwe za kupumzika kati ya kuchungulia na kuchungulia. Hivi ndivyo ninavyoandika nikiingoja folda ya stakabadhi iliyo kwenye seva:

set mara=0
:subiri
if exist \\seva\stakabadhi\ goto endelea
set /a mara+=1
if %mara% geq 24 goto imeshindikana
timeout /t 5 /nobreak
goto subiri
:imeshindikana
echo %date% %time% seva haipatikani >> "%~dp0kumbukumbu.txt"
exit /b 1
:endelea

Chini ya :endelea ndipo kazi yenyewe ya kunakili inapoanza. Kikomo cha kuchungulia mara 24 ni lazima, ama sivyo skripti itazunguka usiku kucha seva ikiwa imeharibika. Ule mstari wa kumbukumbu nao una thamani kubwa: asubuhi unafungua faili moja na kuona saa iliposhindikana, bila kumhoji mtu yeyote.

Tena, mara nyingine hauhitaji sekunde kabisa. Ukiifungua programu kwa amri ya start, ongeza /wait, na skripti itangoja hadi programu ifungwe. Ukisimamisha huduma (programu inayofanya kazi chinichini kwenye Windows) kabla ya kunakili data ya hesabu, tumia net stop, kwa sababu inasubiri huduma isimame. sc stop hutuma ombi tu na kuendelea, na unaweza kunakili faili ambalo bado linaandikwa.

Kabla ya kumkabidhi mteja, chomoa waya wa mtandao, endesha skripti, kisha urudishe waya baada ya dakika moja. Ikiendelea yenyewe, ijaribu tena waya ukiwa umeuacha nje hadi kikomo kifike, halafu fungua kumbukumbu.txt uone kama imeandika.